Unatafuta mtengeneza mifumo Dodoma? Tangazo uliweke wapi

Mara ya kwanza nilipotangaza nafasi ya mtengeneza mifumo, tangazo lilipanda Ijumaa jioni kwenye tovuti moja ya ajira yenye wasomaji wengi. Jumatatu nilipofungua barua pepe ya ofisi nikakuta maombi mia tatu na ushee. Nilifurahi, nikaagiza chai na chapati mbili. Kufikia saa nane mchana nilikuwa nimesoma sitini, na katika sitini hao waliowahi kuandika programu yoyote, hata ya darasani, walikuwa saba. Waliobaki walikuwa wahasibu, walimu wa sekondari, maofisa masoko, na kijana mmoja aliyeomba ulinzi wa usiku. Barua yake ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, na hadi leo najuta kwamba hatukuwa na geti.

Ofisi yetu ni ya watu wanane, ghorofa ya pili, si mbali na Jamatini. Tunatengeneza mifumo ya SACCOS na ya maduka ya dawa. Tangu Jumatatu ile nimeajiri watu sita, kila mmoja kwa njia yake, mwingine kwa jasho na mwingine kwa bahati tu. Wenzangu wenye ofisi kama yetu hunipigia: "Kaka, tangazo tuliweke wapi?" Wanataka jina moja, na jina moja sina. Huwa nawarudishia maswali mawili. Mtu unayemtaka anashinda wapi akiwa mtandaoni? Na hayo maombi yakija, nani atayasoma? Bei ya tangazo ni swali la tatu, ingawa wengi huanza nalo.

Mshindani wako yuko Mtumba

Ukiwa Dar, wanaokunyang'anya watu ni mabenki na kampuni za simu. Ukiwa Dodoma ni serikali. Tangu uhamisho wa serikali uliposhika kasi mwaka 2016, na Mji wa Serikali ukaota pale Mtumba, wizara zote zimekuja na vitengo vyao vya TEHAMA, na Mamlaka ya Serikali Mtandao nayo makao yake makuu yako hapahapa. Ajira hizo kwa sehemu kubwa hupita mlango mmoja: Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma.

Nauanza huo kwa sababu huulizwa sana. Hapana, kampuni binafsi huwezi kuweka tangazo lako huko. Lakini lazima uuelewe, maana karibu kila kijana utakayemsaili ana akaunti yake ndani, amejaza namba ya NIDA, amepandisha vyeti, na simu haimtoki mkononi majina ya walioitwa yakitoka. Aliyefaulu usaili nafasi zikajaa kabla yake huwekwa kwenye kanzidata, akisubiri nyingine itokee. Hapo ndipo panapouma. Umemwajiri Februari, umemfundisha mfumo wako wote, Septemba anaingia ofisini kwako na tabasamu ambalo unalijua kabla hajafungua mdomo: "Bosi, nimepangiwa kituo." Kama analipwa kwa mwezi, sheria inamtaka atoe notisi ya siku 28, na katika hizo nyingi atakuwa kwenye foleni za kuhakiki vyeti na kupima afya.

Simlaumu. Mama yake kijijini anasubiri kusikia neno "kudumu" na neno "pensheni", na mimi yote mawili siwezi kuyatamka kwa uzito ule. Ninachofanya siku hizi ni kuuliza kwenye usaili bila kuzunguka: "Uko kanzidata?" Akisema ndiyo simkati, ila nampa kazi ambayo mwingine anaweza kuipokea ikiwa katikati.

Hili linaingia moja kwa moja kwenye kuchagua tovuti. Zile zinazosomwa mno hapa nchini husomwa kwa sababu zinachapisha matangazo ya serikali mapema. Msomaji wake amekuja kufuata ya serikali. La kwako amelikuta njiani, akaona bora aombe kuliko kuliacha. Ukijua hivyo hutashangaa maombi mia tatu.

LinkedIn na tovuti za ajira za ndani

LinkedIn ni mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, na za ndani ni zile tovuti za ajira za hapa nchini. Hizi mbili ndizo watu huzipambanisha, basi tuziweke bega kwa bega.

Tuanze na malipo. LinkedIn inakuruhusu tangazo moja la bure kwa wakati mmoja. Likishapata waombaji kadhaa linaanza kufifia, halionekani tena kirahisi kwenye utafutaji, na hapo ndipo unaombwa ulilipie. Unajiwekea bajeti ya siku na wanakukata kwenye kadi. Kama ofisi haina kadi ya benki inayokubali malipo ya nje, utahitaji kadi pepe ya mtandao wa simu, na mhasibu wako atakuuliza risiti iko wapi. Tovuti za ndani kwa kawaida hutoza mkupuo kwa tangazo, unalipa kwa simu, na tovuti iliyosajiliwa vizuri inakupa risiti ya EFD. Kwa ofisi ndogo hilo si jambo dogo. Mhasibu wetu anaipenda tovuti ya ndani kuliko mimi ninavyoipenda, na sababu yake ni hiyo karatasi.

Kwa waombaji mambo yanageuka. Kwenye tovuti ya ndani unachopokea ni barua na CV ya kurasa nne iliyobanwa kwenye PDF, yenye "mchapakazi, anayeweza kufanya kazi kwenye mazingira magumu" na wadhamini watatu chini. Hujui kama mtu huyo anaweza kuandika mstari mmoja wa programu mpaka umwite. Kwenye LinkedIn unaona alipofanya kazi, na nani, kwa muda gani, na mara nyingi mna mtu mnayejuana nyote wawili. Huyo mnayejuana ni mdhamini bora kuliko wale watatu, kwa sababu hakuandaliwa.

LinkedIn pia inakuwezesha kuweka maswali ya kuchuja kabla maombi hayajakufikia: una miaka mingapi na Laravel (zana ya kuandikia mifumo kwa lugha ya programu ya PHP), unaweza kufika ofisini Dodoma, umewahi kuunganisha mfumo na malipo ya simu. Maswali hayo yaliniokoa, ila nayo yana tundu. Kile kitufe cha kuomba kwa mguso mmoja kimewafanya watu waombe kama wanavyopenda picha. Nimewahi kupata mwombaji mwenye "miaka 8" ya Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu. Toleo la kwanza kamili la Flutter lilitoka Desemba 2018, wewe piga hesabu aliomba lini. (Aliomba 2022.) Tangu hapo swali langu la kwanza halihusu miaka. Ninaandika: "Taja mfumo mmoja uliouandika ambao leo kuna mtu anautumia, na utaje nini kimeshawahi kuharibika ndani yake." Wengi huacha tupu. Wanaojaza ndio ninaowaita.

Kuna jambo la mahali ambalo wageni wa mji huu hulikosa. Ukitafuta watu kwenye LinkedIn kwa kuandika "Dodoma", utapata wachache mno na utadhani mji hauna wataalamu. Wapo. Wanakaa Iyumbu, Kisasa na Nkuhungu, ila kwenye wasifu wao wameandika "Dar es Salaam" au "Tanzania" tu, kwa kuhofia kwamba waajiri wakubwa wakiona Dodoma watapita. Tafuta kwa nchi nzima kisha chuja kwa chuo na kwa waajiri waliopita. Na usiwaogope walio Dar kwelikweli. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma Julai 2024, mtu anapanda asubuhi, anafika kabla ya saa sita, anasailiwa, na usiku analala kwake. Wawili kati ya watu wangu sita walikuja kusailiwa hivyo. Zamani kumwita mtu kutoka Dar ilikuwa ni kumwomba alale njiani au alipe hoteli, na wengi walikuwa hawaji.

Lakini kuna watu ambao LinkedIn haina. Fundi mtandao anayejua kuvuta waya, kupanda nguzo na kuelewana na mzee mwenye duka la dawa Kongwa, huyo hayuko LinkedIn. Akiwepo, aliingia mara moja 2019 akasahau nywila. Ukimtafuta yeye, au mtu wa kupokea simu za wateja na kuwaelekeza, tovuti ya ndani inaishinda LinkedIn waziwazi. Nafasi ya fundi tuliyoitangaza sehemu zote mbili ilipata waombaji wanne LinkedIn, wote wenye shahada na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kwenda Mpwapwa na pikipiki. Tovuti ya ndani ilituletea fundi mwenye cheti cha VETA ambaye hadi leo ndiye anayejulikana na wateja kuliko mimi.

Jirani zetu Kenya wana tovuti za ajira za BrighterMonday na Fuzu, na kuna mwenzangu aliyevutwa na ubora wa waombaji wa kule. Kumbuka tu kwamba Mkenya, pamoja na undugu wote wa Afrika Mashariki, anahitaji kibali cha kazi hapa, na wewe mwajiri ndiye utakayekifuatilia. Kwa nafasi ya mtu mmoja kwenye ofisi ya watu wanane, mimi sijaona faida yake.

WhatsApp: bure, haraka, na majuto

Makundi ya kazi ya WhatsApp na ya Telegram hayagharimu kitu. Kundi moja la WhatsApp linabeba hadi watu 1,024, na tangazo lako likisambazwa mara tatu limeshafika Singida na Manyoni kabla hujamaliza chakula cha mchana. Kama unahitaji mtu wa kibarua cha wiki mbili, kuhamisha taarifa za SACCOS kutoka kwenye daftari kwenda kwenye mfumo, sijui njia inayoizidi. Tulipata vijana watatu kwa siku moja, na kazi ikaisha Ijumaa.

Kwa ajira ya kudumu, nenda polepole. Kwanza, tangazo likiingia huko hulimiliki tena. Wenye blogu za nafasi za kazi hulinyofoa, hulibandika kwao, tarehe ya mwisho huanguka njiani, na miezi mitano baadaye bado unapokea maombi. Pili, usithubutu kuweka namba yako binafsi. Mimi niliweka. Nilipigiwa saa tano usiku na baba wa mwombaji, mzee mwenye heshima zake, akinieleza kwa kituo jinsi mwanawe alivyoanza kufungua redio akiwa darasa la tatu. Tulizungumza nusu saa. Kijana hakuwa na sifa, lakini mzee bado hunitumia salamu za Idi.

La tatu ni la kisheria, na wengi wetu wenye ofisi ndogo tumelilalia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamhusu yeyote anayekusanya taarifa za watu, waombaji wa kazi wakiwemo. CV ina namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, mara nyingine picha na namba ya kitambulisho. Zikiwa zimelala kwenye simu ya katibu muhtasi wako, kwenye kundi la familia alikoomba ushauri, na kwenye barua pepe tatu tofauti, siku mwombaji akiuliza zimeenda wapi hutakuwa na jibu. Hapa tovuti yenye akaunti ya mwajiri, iwe LinkedIn au ya ndani, inaishinda WhatsApp kwa mbali: maombi yanakaa mahali pamoja, na usaili ukiisha unaweza kuyafuta. Tume inayosimamia sheria hiyo iko mjini kwetu. Huwezi kusema ofisi yao ilikuwa mbali.

GitHub, ambayo si ubao wa kazi

Njia iliyonipa mtu bora kuliko wote haina tangazo. Fungua GitHub, tovuti ambako watengeneza mifumo huhifadhi na kuonyesha programu wanazoandika, kisha kwenye sehemu ya kutafuta andika hivi, bila kuacha nafasi baada ya nukta mbili:

location:Dodoma language:PHP

Kisha chagua kuona watumiaji. Itakuja orodha ya watu walioandika Dodoma kwenye wasifu wao na ambao kazi zao nyingi ni za PHP. Badili PHP uweke Python, Java au Dart, kulingana na unachotumia. Badili Dodoma uweke UDOM, kwa sababu wapo walioandika jina la chuo mahali pa mji. Ukiweka Tanzania orodha inakuwa ndefu, jipange na kahawa.

Sasa usihesabu miradi. Mtu anaweza kuwa na miradi arobaini na yote ikawa mifumo ya usimamizi wa shule iliyonakiliwa, kila mmoja umepandishwa kwa mkupuo siku moja ukaachwa. Tafuta mradi mmoja uliorudiwarudiwa. Kijana niliyemwajiri alikuwa na mradi wa kutunza hesabu za kikoba. Ulikuwa umebadilishwa kidogokidogo kwa miezi minane, na kwenye maelezo ya mabadiliko aliandika kwa Kiswahili: "nimerekebisha faini inayohesabiwa mara mbili mwezi wenye siku 31." Niliposoma sentensi hiyo nilijua kuna akina mama mahali fulani waliomfokea kwa sababu ya faini, akaenda nyumbani akatafuta kosa. Mtu wa namna hiyo humfundishi kazi. Unamwonyesha choo kilipo na nywila ya intaneti.

Nilimwandikia barua pepe. Alikaa siku nne kimya, baadaye akaniambia alidhani ni matapeli. Ana haki: matangazo ya uongo yanayoomba "hela ya fomu" yamewafanya vijana wazuri wawe na woga kuliko wababaishaji. Ndiyo maana siku hizi nikimwandikia mtu nataja jina la ofisi, jengo lilipo, na mradi wake niliousoma na nini nilikiona ndani.

Upungufu wa njia hii ni kwamba inakuonyesha vijana na wapenda kazi za wazi. Mtu mzima aliyeandika mfumo wa benki kwa miaka kumi kazi yake yote imefungiwa ndani ya kampuni, na GitHub yake ni jangwa. Ukimhukumu kwa hilo utakosea. Yeye mtafute LinkedIn, kwa kuulizia watu.

Zile za kimataifa

Kwa kifupi. Bado kuna orodha zinazozunguka mtandaoni zikikushauri GitHub Jobs na Stack Overflow Jobs. Ya kwanza ilifungwa 2021, ya pili 2022. Ukiona ushauri unaozitaja, jua umepitwa na wakati. Iliyokuwa AngelList Talent sasa ni Wellfound, nzuri kwa kampuni changa zinazotoa hisa, na mtu wa Dodoma ukimwambia hisa atakuuliza zinaliwa lini. Tovuti za kazi za mbali kama We Work Remotely na Remote OK zimejaa watu wanaotafuta dola. Hakuna kitu kibaya na hilo, ila jua kwamba mtengeneza mifumo mzuri wa Area D, hapahapa mjini, anaweza kuwa humo upande wa pili, akitafutwa na kampuni ya Ulaya, na mshahara wako wa shilingi unashindanishwa nao kimyakimya.

Upwork, soko la mtandaoni la kazi za mkataba, nimeitumia mara moja, kwa kazi ya mkataba ya kuunda muonekano wa programu ya simu. Kwa kipande kinachoeleweka mwanzo na mwisho inafaa, kwa sababu fedha ya kila hatua inashikiliwa mpaka uridhike. Kwa mtu wa kukaa naye, hapana.

Lango la chuo

Tuna bahati ambayo Moshi au Mtwara hawana. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007, na ndaki yake ya mambo ya kompyuta, ambayo kila mtu mjini anaiita CIVE, inatoa wahitimu wa uhandisi wa programu, sayansi ya kompyuta na usalama wa mtandao kila mwaka. Mjini humu pia kuna St. John's, CBE na Chuo cha Mipango. Wanafunzi huhitaji nafasi ya mafunzo kwa vitendo, na wewe unahitaji kumwona mtu akifanya kazi kabla hujamwajiri. Ni biashara inayojieleza.

Kuna waajiri wanaoifanya hii vibaya: wanachukua wanafunzi wanane, wanawapa kazi ya kuchapa na kutumwa chai, halafu wanalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajui kitu. Chukua wawili. Wape kosa halisi la mteja halisi wiki ya kwanza, lile dogo lililokaa kwenye orodha miezi mitatu kwa sababu hakuna mwenye nafasi. Wiki ya tatu utajua nani aliuliza maswali na nani alikuwa anakusubiri uondoke afungue TikTok. Wape na nauli ya daladala, jamani. Kutoka chuoni hadi mjini kwenda na kurudi kila siku si bure, na mwanafunzi wa mkopo hukatisha mafunzo kwa sababu ya nauli kuliko kwa sababu ya uvivu.

Udhaifu wa lango la chuo ni muda. Ukihitaji mtu mwezi ujao halikusaidii. Na mhitimu mpya ndiye haswa atakayeingia Ajira Portal wiki hiyohiyo ya mahafali. Sifungi mlango kwa hilo. Namwandalia mwaka mmoja wenye kazi ya kueleweka, nikimpata miwili ni zawadi.

Ukilazimika kuchagua

Mtengeneza mifumo mwenye uzoefu, ambaye akikosea mteja anapoteza pesa: anza GitHub na LinkedIn kwa kumtafuta wewe mwenyewe, tangazo liwe la kuongezea tu. Tovuti ya ndani iache. Itakuletea mlima wa maombi, na wewe ndiye utakayeupanda.

Fundi mtandao, mtu wa msaada kwa wateja, mkufunzi wa watumiaji wa mfumo: tovuti ya ndani yenye malipo, tangazo la Kiswahili, wiki mbili. LinkedIn usitoe hata shilingi. Chipukizi wa kumkuza: chuo. Kibarua cha siku kumi: WhatsApp, kwa namba ya ofisi.

Mwenzangu mmoja huweka tangazo kila mahali kwa pamoja akisema "samaki haangalii nyavu." Aliishia na maombi ambayo hakuyafungua hata theluthi, akaajiri mpwa wa rafiki. Kama hakuna mtu wa kusoma, tangazo la bure ndilo ghali kuliko yote.

Maneno ya tangazo lenyewe

Popote utakapoliweka, tangazo baya linaharibu mahali pazuri. Hili nililiona wiki iliyopita, nimeondoa jina: "Tunatafuta kijana wa kiume, umri usiozidi miaka 28, mtaalamu wa IT, awe anajua programu zote, mshahara mnono kulingana na uzoefu." Sehemu ya kwanza inavunja sheria: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa jinsia na umri, na inamlinda hata anayeomba kazi kabla hajaajiriwa. Sehemu ya pili haimaanishi kitu. Ya tatu inawafukuza wazuri, kwa sababu mtu mwenye kazi tayari hawezi kuomba ruhusa kwa bosi wake kwenda kufuata "mnono".

Sisi tunaandika kiasi. Siyo kwa ukarimu. Tumechoka kumsaili mtu saa nzima halafu tukaachana kwenye namba. Tunaandika pia kazi ya mwezi wa kwanza: "Utachukua moduli ya mikopo ya mfumo wa SACCOS, iliyoandikwa kwa Laravel, ambayo leo ripoti yake inachukua dakika nne kufunguka, na utaifanya ifunguke kwa sekunde." Mtengeneza mifumo akisoma hivyo mikono inaanza kumwasha. Mwalimu wa sekondari akisoma hivyo anapita kwa amani.

Na kuna hila ndogo ambayo nimeitumia kwenye kila njia niliyoitaja. Katikati ya tangazo, aya ya tatu au ya nne, naweka sentensi moja: "Kwenye kichwa cha barua pepe yako andika neno ZABIBU." Barua pepe ya ofisi imepangwa ipeleke zenye neno hilo kwenye folda yake. Mara ya kwanza nilipoifanya, kwenye tovuti ileile ya maombi mia tatu, folda ilipata barua kumi na tisa. Kumi na tisa mtu anazisoma kwa asubuhi moja, na akamjibu kila mmoja.

Sasa tunatafuta mtu wa hifadhidata. Juzi maombi yenye ZABIBU yalikuwa mia mbili na arobaini, na mengi yametumwa usiku mmoja. Kumbe kuna kundi la WhatsApp ambako mtu amebandika tangazo letu na kuandika juu yake kwa herufi kubwa: "WAKUU, MSISAHAU KUANDIKA ZABIBU." Wiki ijayo tunabadilisha neno.